Jina la Sumbawanga na Mbinu za Hadithi za Kutisha

Wafipa hulieleza jina la mji wa Sumbawanga kuwa ni maneno mawili yaliyoungana: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Aingiaye mjini aamriwa na jina lenyewe autupe uchawi alio nao kabla hajafika sokoni. Kila mwenyeji aijua maana hii, na mgeni huelezwa siku ya kwanza. Lakini mtu aliyekulia Dar es Salaam, Tanga au Mwanza ajua pia kwamba jina hilo hilo, likitajwa barazani, huleta maana iliyo kinyume kabisa. Kwake Sumbawanga ni mji wa wachawi, wenye radi za kutumwa na nyungo zirukazo angani usiku. Amri ya kuutupa uchawi imesomwa kama tangazo la mahali unapopatikana.

Mageuzi haya hayakuletwa na mfalme wala na serikali. Yaliletwa na hadithi, na kwa hiyo yafaa yachunguzwe kwa vyombo vya uhakiki wa hadithi pamoja na vile vya historia. Kiswahili chenyewe kilichangia kuvuruga jambo. Katika Kiswahili cha pwani mwanga ni mchawi atembeaye usiku, na wingi wake ni wanga. Mwanga pia ni nuru. Na wanga, neno lisilo na umoja, ni ule unga mweupe ukamuliwao katika muhogo. Msomaji wa Kiswahili aonapo jina la mji huu hukutana basi na neno asilolijua, sumba, na neno analodhani kuwa analijua, wanga. Sehemu iliyo amri humpita. Sehemu iliyo uchawi humkaa kichwani. Si ajabu ikiwa sehemu kubwa ya sifa mbaya ya Sumbawanga ilizaliwa katika pengo hilo dogo la tafsiri.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kutumia neno usasaleo kwa maandishi yanayoufuta mpaka kati ya tukio na uzushi. Ni maandishi ambamo msimulizi haaminiki, hadithi moja hufungwa ndani ya nyingine, hati za kubuni hutolewa kama ushahidi, na mtungaji huingia katika kitabu chake mwenyewe kama mhusika. Mifano itolewayo kwa kawaida ni Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, kisha Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002). Vitabu hivi vyastahili sifa vilizopewa. Lakini wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba mbinu zenyewe zilizaliwa karne ya 20 ilipokaribia kwisha, zikafika Afrika ya Mashariki kama bidhaa mpya bandarini. Imani hiyo haina msingi. Mbinu hizo ni kongwe, na katika vitabu vya Ulaya zilistawi mapema penye hadithi za kutisha, zile ziitwazo za Kigothiki, zenye majumba ya kale, makaburi na siri za jamaa. Ili zionekane wazi yafaa kwanza kutazama huko, kisha kurudi Ufipa.

Mnamo Desemba 1764 kilitokea London kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Ukurasa wake wa kwanza ulisema kwamba kimefasiriwa na William Marshal kutoka Kitaliano cha Onuphrio Muralto, padre wa kanisa la Mtakatifu Nikola huko Otranto. Dibaji ikaeleza kwamba nakala ya asili ilionekana katika maktaba ya jamaa moja ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza, nayo ilipigwa chapa Naples mwaka 1529. Hapakuwa na Marshal, wala Muralto, wala nakala. Mtungaji alikuwa Horace Walpole, mbunge, mwana wa aliyekuwa waziri mkuu. Kitabu kilipopendwa, Walpole alikiri katika chapa ya pili ya 1765, akaongeza katika jina lake maneno ya kwamba hii ni hadithi ya Kigothiki. Mhakiki mmoja aliyekisifu alipokidhani kuwa cha kale aliudhika alipotambua kuwa ni cha siku zake. Kisa cha mhakiki huyo chafunza mengi. Hadithi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni fremu yake, yaani maelezo yanayomwambia msomaji ayapokee maneno yaliyo mbele yake kama nini: kama habari, kama kumbukumbu, ama kama mchezo.

Waliomfuata Walpole waliizidisha mbinu hii. Katika Frankenstein (1818) Mary Shelley alianza na barua za msafiri wa baharini kwa dada yake, ndani ya barua akatia masimulizi ya mwanachuoni, na ndani ya masimulizi hayo akatia maneno ya kiumbe aliyeundwa. Kwa hiyo kiumbe huyo hamfikii msomaji ila kwa kupitia vinywa vya watu wawili ambao kila mmoja ana sababu ya kumwogopa. Bram Stoker, katika Dracula (1897), hakuweka msimulizi hata mmoja. Kitabu chake ni mkusanyo wa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na sauti zilizonaswa kwa fonografu, vyote vikapigwa taipu na mmoja wa wahusika. Mwishoni wahusika wenyewe watambua kwamba karibu kila walichobaki nacho ni nakala ya taipu, na kwamba hawawezi kumtaka mtu aikubali kuwa ithibati.

Aliyekwenda mbali zaidi ni James Hogg, mchunga kondoo wa Uskoti aliyejifunza kuandika kwa jitihada zake mwenyewe. Kitabu chake cha 1824, The Private Memoirs and Confessions of a Justified Sinner, kilitoka bila jina la mtungaji. Mambo yale yale yasimuliwa mara mbili, kwanza kwa kalamu ya mhariri asiyeyaelewa, kisha kwa kalamu ya muuaji asiyeaminika, na habari hizo mbili hazipatani. Mwaka uliotangulia, Agosti 1823, Hogg alikuwa amepeleka katika gazeti la Blackwood's barua kuhusu kaburi la mtu aliyejiua. Barua hiyo, iliyosomwa na watu halisi katika gazeti halisi, yatumiwa ndani ya kitabu kama ushahidi wa kisa cha kubuni. Hatimaye mhariri aenda gulioni kumtafuta Hogg ili amwonyeshe kaburi, na Hogg, ndani ya kitabu alichokitunga Hogg, akataa kwa kuwa ana shughuli zake. Ni vigumu kuona kitu gani mtungaji wa karne ya 20 angeweza kuongeza hapo.

Jambo moja lapasa kushikwa kabla ya kuiacha Ulaya. Katika vitabu vyote hivi fremu ni ya uongo, lakini ipo. Msomaji amelipa bei ya kitabu, aona jina la mpiga chapa, ajua anaweza kukifunga na kuzima taa. Udanganyifu umewekewa mipaka, na raha yake yatokana na mipaka hiyo.

Mbinu hizi ziliingia katika vitabu vya Kiswahili mapema kuliko inavyodhaniwa. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya kitabu cha H. Rider Haggard, ilitoka mwaka 1929, nayo yaanzia kwenye ramani na maandishi ya damu ya Mreno aliyekufa zamani: ni Muralto tena, amebadilishiwa kanzu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1960. Humo kifo kinatokea penye matambiko, watu wanasema ni kazi ya mizimu, kisha Bwana Msa na kiko chake wanaonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Ann Radcliffe alikuwa amefanya vivyo hivyo katika The Mysteries of Udolpho mwaka 1794: hofu yote yaelezwa mwishoni kwa sababu za kawaida. Mwaka 1968 Abdulla alitoa Kisima cha Giningi, na jina hili lina uhusiano wa karibu na Sumbawanga, kwa kuwa Giningi, katika masimulizi ya Unguja na Pemba, ni makao ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya kawaida.

Kila nchi ina ramani mbili, moja ya wapima ardhi na moja ya wasimulizi. Katika ramani ya pili ya Tanzania hutajwa Giningi, hutajwa Gamboshi, hutajwa Pemba, hutajwa Sumbawanga. Tofauti kati yao haisemwi vya kutosha. Giningi hakuna aishiye huko, na kwa hiyo hakuna aumizwaye. Gamboshi ni kijiji cha wakulima na wafugaji katika wilaya ya Bariadi. Sumbawanga ni mji mkuu wa Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974. Ni makao ya askofu. Una shule, hospitali, soko la mahindi na maharage, na wazee waketio vibarazani.

Ufipa wenyewe haukuhitaji kufundishwa namna ya kusimulia. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti huko tangu miaka ya 1960, alikusanya masimulizi mengi ya Wafipa, na baadhi yake yamo katika There Was a Certain Man (1978) na A State in the Making (1981). Kisa kikuu ni kile cha Milansi. Mtu wa kwanza alishuka kutoka mbinguni, akawa mfalme wa kijiji cha Milansi. Siku moja mfalme wa ukoo huo alikuwa mbali na nyumbani, naye alikuwa amemwonya mkewe juu ya kigoda cha ufalme. Wakaja wanawake watatu, wageni kutoka mbali, na mmoja wao akakikalia kigoda. Mfalme aliporudi aliukuta ufalme umekwisha kuchukuliwa. Kutoka kwa wanawake hao ulitoka ukoo wa Watwa, wasiochanganywa na Watwa wa misitu ya Kongo, ambao baadaye waligawanyika katika dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Milansi ilibaki na kijiji chake na heshima ya kikuhani.

Kisa hiki ni kifupi, na uzuri wake ni kwamba kina wenyewe wawili. Kikisimuliwa kwa upande wa Milansi ni habari ya kilichoponyoka. Kikisimuliwa kwa upande wa Watwa ni habari ya kilichopatikana kwa haki. Msikilizaji wa Kifipa alijua anasikia upande upi, kwa sababu alimjua msimulizi, na nyumba yake, na kigoda ambacho babu zake walikalia au walikikosa. Fremu haikuandikwa popote. Ilikuwa mtu mwenyewe aliyeketi mbele ya moto.

Mfano wa pili ni wa Kaswa, nabii wa Wafipa, ambaye Willis alichapisha makala juu yake katika jarida la Africa mwaka 1970. Kaswa husemwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni na vitu vyao vya ajabu, na wakati ambapo kila kitu kitakuwa na bei; kisha akatoweka ardhini. Masimulizi hayo yalikusanywa wakati wageni walikuwa wamekwisha kuja, wakatawala, na wakaondoka. Mwanahistoria mwenye haraka atasema kwamba unabii ulioandikwa baada ya tukio hauna thamani. Kusema hivyo ni kukosa kusoma. Wafipa wa miaka ya 1960 walitumia sauti ya mtu wa zamani kuipima hali yao ya sasa, hasa ile ya kuuza na kununua hata visivyouzwa. Na sauti hiyo haikumdhuru yeyote. Walpole alijipa miaka 200 na zaidi ya ukongwe kwa ajili ya burudani. Wasimulizi wa Kaswa walikuwa na haja nzito zaidi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba wageni wa kwanza kuandika juu ya Ufipa hawakuona giza huko. Joseph Thomson, aliyevuka nyanda hizo mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kwa ukulima wao na kwa amani yao. Hata zana za hadithi za Kigothiki zilizokuja baadaye hazikutumiwa. Kasanga, penye Ziwa Tanganyika, Wajerumani walijenga boma wakaliita Bismarckburg, na gofu lake lingemtosha Radcliffe kwa kurasa 300. Wasimulizi wa Dar es Salaam hawakulijali. Walichotaka wao kilitoka mahali pengine.

Katika miaka ya 1930 vijana waitwao mchape walienea kutoka Nyasaland hadi Rhodesia ya Kaskazini, wakisema wana dawa ya kuukomesha uchawi. Audrey Richards aliwaona kwa Wabemba na kuandika habari zao mwaka 1935. Watu walipangwa mstari wakapita nyuma ya mganguzi, naye aliwatazama katika kioo kidogo cha mkononi; aliyeonekana kuwa mchawi alitakiwa atoe pembe zake. Mwanzilishi wao alisemwa kuwa Kamwende wa Mlanje, mtu aliyekufa akafufuka. Vuguvugu hilo lilifika Ufipa pia, likarudi zaidi ya mara moja, na Willis alilishuhudia mwaka 1963 na 1964 kwa jina la Kamcape. Waongozaji walikuwa vijana; waliotuhumiwa, kwa sehemu kubwa, walikuwa wazee. Watu walichanjwa dawa, nyumba zikapekuliwa, pembe na mafurushi yakatolewa nje.

Hapa ndipo jina la mji lilipotendwa kwa vitendo. Kamcape ilikuwa sumba wanga yenyewe: tupeni uchawi. Lakini amri hiyo ina mtego ndani yake. Ili mtu autupe uchawi sharti kwanza aonekane kuwa anao, na ili kijiji kitakasike sharti pawe na kitu cha kutupa. Kwa hiyo kila upekuzi ulizaa lundo, na lundo likawa ushahidi kwamba upekuzi ulihitajika. Richards alizikagua pembe za namna hiyo kwa Wabemba, akaona kwamba nyingi zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida, za uwindaji, za kinga, za maradhi. Pembe ya dawa ya kikohozi ikitupwa njia panda mbele ya umati hugeuka pembe ya mauti. Lundo lile ni hati ya Muralto: ni kitu kinachoonekana na kushikika, kilichowekwa mahali pake ili hadithi iliyokwisha kuaminiwa ipate asili. Tofauti ni kwamba Walpole alikuja akakiri katika chapa ya pili. Lundo la njia panda halina chapa ya pili.

Na vioo vile vya mkononi, vilivyonunuliwa dukani! Chombo cha kila siku cha kujitazamia uso kilifanywa chombo cha kumtazamia jirani. Hakuna mtungaji wa Kigothiki aliyewahi kukitumia kioo kwa werevu zaidi.

Tangu hapo hadithi ya Sumbawanga ilisafiri bila Wafipa. Watumishi waliohamishiwa huko walirudi na visa. Madereva wa malori walivibeba. Mji ulikuwa mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na barabara ya kutoka Tunduma ilitiwa lami katika miaka ya 2010 tu. Umbali ni rafiki mkubwa wa msimulizi, kwa kuwa hakuna msikilizaji awezaye kwenda kuuliza. Kisa kipendwacho kuliko vyote ni cha radi: wazee wawili hugombana, mmoja humtumia mwenzake radi mchana kweupe. Ufipa ni uwanda wa juu, kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, nyasi nyingi na miti michache. Mvua zake za Novemba hadi Aprili huja na ngurumo, na katika uwanda wazi mtu, ng'ombe au nyumba ndiyo huwa kitu kirefu. Watu hupigwa na radi kweli. Hadithi haikubuni tukio, ilibuni mtumaji.

Vyombo vipya viliongeza ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za video za Kiswahili za kutisha zilianza kuuzwa kwa wingi, zikifuata nyayo za zile za Nigeria. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi ni miongoni mwa zilizojulikana sana, na jina la ile ya kwanza latokana na lugha ya Kinyakyusa, ya majirani wa Wafipa upande wa Rungwe. Katika vibanda vya video palikuwa na mfasiri aliyesimama kati ya sinema na watazamaji, akiwageuzia maneno ya Kiingereza au ya Kihindi kwa Kiswahili na kuongeza yake. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mfasiri huyo ni Walpole aliyesema kweli: kila mtu alijua kuna sinema, na kuna Lufufu, na kwamba mambo hayo mawili hayalingani. Watu walicheka kwa sababu fremu ilikuwa wazi. Filamu ya kutisha ya Kiswahili, kwa jumla, haistahili lawama inayotupiwa na wahubiri. Ina bango, ina waigizaji ambao nyuso zao zajulikana mtaani, na inakwisha.

Lawama zaidi ipo kwa visa vinavyokwenda bila jina la mtungaji. Mwaka 1999 watengenezaji wa The Blair Witch Project huko Marekani walitangaza katika intaneti kwamba wanafunzi watatu wamepotea na kwamba filamu ni mkanda wao uliookotwa. Waigizaji walitumia majina yao halisi. Walifanya kwa makusudi, ili kuuza tikiti, na ukweli ukajulikana upesi. Miaka minne nyuma, Pemba na Unguja zilikuwa zimekumbwa na hofu ya Popobawa, jini la usiku, katika mwaka ule ule wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya uhuru. Watu walilala nje, pamoja, kuzunguka mioto. Na Popobawa alisemwa kuwa na sharti moja: aliyeshambuliwa lazima awaambie wengine, la sivyo atarudiwa. Hadithi iliyotia ndani yake amri ya kusimuliwa, na adhabu kwa mwenye kunyamaza, ni hadithi iliyojua kujitunza kuliko kitabu chochote. Haikuhitaji mpiga chapa.

Visa vya Sumbawanga vipitavyo katika simu na magazeti ya udaku ni vya jamii hii ya pili. Vina tarehe iliyo karibu, vina kijiji kisichotajwa, vina shahidi ambaye siku zote ni shemeji wa mtu. Huanza kwa mzaha wa ungo kuwa ndege na kuishia kwa picha ya mzee halisi, aliyepigwa picha kwa jambo jingine.

Je, sifa hiyo yalingana na hesabu? Kwa takwimu za serikali zilizotumiwa na mtafiti Simeon Mesaki, zaidi ya watu 3,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi katika Tanzania bara kati ya 1970 na 1984. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukuma, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Ramani ya mauaji haikuifuata ramani ya hadithi. Nchi ilipokuwa ikicheka Sumbawanga, vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga Mwanza na Shinyanga, na alama iliyowatia hatiani mara nyingi ilikuwa macho mekundu, ambayo mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi kwa miaka 50 hawezi kuyakwepa. Tangu 2007 yakaja mashambulio dhidi ya watu wenye ualbino, yakiongozwa na kisa kingine kisicho na mtungaji, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na Rukwa haikusalimika. Kwa hiyo haifai kusema kwamba Sumbawanga imesingiziwa kabisa, wala kwamba imesemwa kweli. Imetumiwa kama jumba la Otranto, mahali pa kuwekea hofu ya nchi nzima ili kila mkoa mwingine ujione salama.

Sheria ilikutana na tatizo lile lile la fremu kabla ya wahakiki. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania kama Sura ya 18, haisemi kwamba uchawi upo wala kwamba haupo. Yamtaja mtu anayejidai kuwa na nguvu au ujuzi huo. Neno hilo moja, kujidai, lawaweka mbali mtungaji wa sheria na mchawi, kama vile Hogg alivyojiweka mbali na kaburi. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akakae mahali pengine, na kwa njia hiyo uvumi uliweza kumhamisha mzee kutoka shambani mwake ingawa hakuna mahakama iliyothibitisha neno.

Mahakama zilikuwa kali zaidi. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo mamlaka yake yalifika Tanganyika pia, ilisikiliza rufani ya Eria Galikuwa kutoka Uganda, aliyemuua mganga kwa kuamini kwamba mganga huyo angemwua kwa uchawi. Majaji hawakumwuliza kama uchawi upo. Walikubali kwamba hofu yake yaweza kuwa ya kweli moyoni mwake. Walichotaka ni kwamba pawe na tendo lililotendwa mbele ya mshtakiwa, la mwili, lenye kumchokoza papo hapo. Imani peke yake haikutosha kupunguza kosa la kuua, hata ikiwa ya dhati namna gani. Wakauliza basi ni tendo gani lililoonekana, lilitendwa wapi, na nani aliyeliona, na rufani ikakataliwa.